Bibi na babu mbele ya jaji: mwongozo kamili wa kuomba kuonana na wajukuu Marekani

Mama huyo aliweka mfuko wa plastiki juu ya meza yangu ya jikoni, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: picha za sikukuu, kadi ya chanjo, kanga aliyombebea mjukuu wake wa kwanza, karatasi yenye namba ya simu ambayo haipokelewi tena. Mwanawe alikuwa amefariki, na mkamwana amehamia mji mwingine na watoto wawili. Alikuwa na swali moja tu: "Hawa si damu yangu?"

Ni damu yake. Ila mahakama ya Marekani haianzi na damu, inaanza na mzazi aliye hai. Sisi tuliokulia Mwanza, Mombasa, Bukavu au Unguja tunajua mtoto ni wa ukoo, na bibi haombi ruhusa kumshika mjukuu. Ukiingia mahakamani huku na fikra hiyo peke yake, utashindwa hata kama kila unachosema ni kweli. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu kwa urefu, kwa bibi na babu wanaoishi Marekani, na kwa wale walioko nyumbani ambao wajukuu wao wako huko.

Kwanza ielewe kesi ya Troxel

Kesi inayotawala jambo hili inaitwa Troxel dhidi ya Granville. Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua tarehe 5 Juni 2000. Wakili yeyote utakayemwona ataitaja, kwa hiyo ni vizuri uijue kabla hujafika kwake.

Tommie Granville na Brad Troxel, wa jimbo la Washington, walizaa mabinti wawili bila kufunga ndoa, wakaachana mwaka 1991. Brad akarudi kuishi kwa wazazi wake, na wikiendi aliwaleta watoto kwa bibi na babu yao. Mei 1993 alijiua. Wajukuu waliendelea kuja, mpaka Oktoba mwaka huo mama yao alipowaambia wakwe kwamba sasa itakuwa mara moja kwa mwezi, kwa muda mfupi. Desemba wakamshtaki. Walitaka wikiendi mbili kwa mwezi pamoja na kulala, na wiki mbili kila kiangazi. Mama alikubali siku moja kwa mwezi bila kulala.

Sheria ya Washington wakati ule ilimruhusu mtu yeyote kuomba kuonana na mtoto wakati wowote, na jaji kukubali akiona kwamba ni kwa maslahi bora ya mtoto. Jaji wa kwanza aliwapa wazee wikiendi moja kwa mwezi, wiki moja ya kiangazi, na muda wa saa nne katika siku ya kuzaliwa ya bibi na ya babu. Katika kueleza uamuzi wake alikumbuka utoto wake mwenyewe, jinsi walivyokuwa wakienda kukaa wiki kwa bibi na babu, na ilivyowafaa katika familia yao. Ukiyasoma maneno hayo unaona moyo mwema. Lakini Mahakama ya Juu iliyataja maneno hayohayo ilipoonyesha kosa lake: alianza kwa kuamini kwamba kuwa na bibi ni jambo jema, kisha akamwachia mama kazi ya kuthibitisha kinyume chake.

Majaji sita kati ya tisa walimpa mama ushindi. Jaji Sandra Day O'Connor, akiandika kwa niaba ya wanne, alisema kwamba Marekebisho ya 14 ya Katiba yanalinda haki ya mzazi kuamua kuhusu malezi ya watoto wake. Mzazi anayefaa, yaani anayewatunza watoto wake ipasavyo, anachukuliwa kuwa anawatakia mema, na jaji lazima aupe uamuzi wa mzazi huyo uzito wa pekee. Haki hiyo haikuzaliwa mwaka 2000. Mwaka 1923, katika kesi ya Meyer dhidi ya Nebraska, Mahakama ilifuta sheria iliyokataza kuwafundisha watoto wadogo lugha za kigeni kama Kijerumani. Mwaka 1925 ikafuta sheria ya Oregon iliyolazimisha watoto wote wasome shule za serikali.

Wazee wengi huniuliza: je, Katiba hiyo haimjui bibi kabisa? Inamjua. Mwaka 1977 bibi mmoja wa East Cleveland, Ohio, Inez Moore, alishinda katika Mahakama hiyohiyo baada ya kuhukumiwa siku tano jela na faini ya dola 25 kwa kosa la kuishi na wajukuu wawili ambao si ndugu wa tumbo moja. Sheria ya mji ilikuwa imeamua nani ni familia na nani si familia. Tofauti ya kesi hizi mbili ndiyo kiini cha mambo yote hapa. Bi Moore aliiambia serikali isiingie nyumbani kwake. Wazee wa Troxel waliiomba serikali iingie nyumbani kwa mama wa watoto. Ukiomba amri ya kuonana na mjukuu, wewe ndiye unayeiita serikali, na Katiba inasimama mlangoni upande wa mzazi.

Hata hivyo Mahakama haikuwafungia bibi na babu njia. Ilikataa kusema kwamba kila sheria ya namna hii ni batili, na ikaacha bila jibu swali kama ni lazima kuthibitisha madhara kwa mtoto. Majaji tisa waliandika maoni sita. Kila jimbo likaokota vipande hivyo na kujenga sheria yake.

Hatua ya 1: Jua unaomba nini

Kuna kuonana na mjukuu, na kuna kumlea. Hayo ni maombi mawili tofauti, yenye karatasi tofauti na vipimo tofauti.

Kama mtoto ameishi kwako, ukampeleka shule na hospitali huku mzazi hayupo, usikimbilie kuomba siku za kutembelewa. Muulize wakili kuhusu ulezi, au kuhusu kutambuliwa kama mtu aliyeshika nafasi ya mzazi. Minnesota ina mlango maalumu kwa bibi na babu walioishi na mjukuu miezi 12 au zaidi kisha mzazi akamchukua. Maine, ambako Waswahili ni wengi siku hizi, mahakama yake ya juu ilikubali mwaka 2000, muda mfupi baada ya Troxel, kwamba bibi na babu waliowahi kuwalea wajukuu kama wazazi wanaweza kusikilizwa. Wazee wetu wengi wako katika hali hiyo bila kujua kwamba sheria ina jina lake.

Hatua ya 2: Rudi kwa mzazi, kwa maandishi

Najua inauma, hasa kama maneno makali yameshasemwa msibani. Lakini karibu kila jaji atauliza: ulijaribu nini kabla ya kuja hapa? Katika Troxel mama alisaidiwa sana na jambo moja, kwamba hakuwakatalia wazee kabisa, alipunguza tu. Kinyume chake ni kweli pia. Mzazi aliyepokea barua tatu za heshima na hakujibu hata moja anaonekana tofauti mbele ya jaji.

Andika barua fupi. Mwite mkweo kama ulivyozoea kumwita, Mama au Baba fulani, kwa jina la mtoto. Usidai, usimtaje marehemu kama fimbo, usitaje mahari. Kitu kama hiki kinatosha:

"Mwanangu, salaam. Najua unabeba mengi peke yako, na wewe ndiye mama yao, uamuzi ni wako. Nawakumbuka watoto. Naomba niongee nao kwa simu Jumamosi saa utakayopenda, dakika kumi na tano tu. Kama kuna nililokukosea, niambie, nitalisikia."

Tunza nakala. Ukituma kwa WhatsApp, usifute mazungumzo. Yule mama wa mfuko wa plastiki alituma barua kama hiyo mara mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa baada ya wiki tatu, kwa sentensi moja: "Jumapili saa kumi, wako huru."

Barua zikigonga mwamba, tafuta mtu wa kati ambaye mzazi anamheshimu: mchungaji, imamu, dada wa marehemu. Baada ya hapo kuna usuluhishi rasmi, ambao mahakama nyingi za kaunti hutoa kwa gharama ndogo. Mtakachokubaliana mnaweza kuomba kiandikwe kuwa amri ya mahakama. Amri iliyotokana na makubaliano haigombani na Katiba, kwa sababu mzazi ndiye aliyekubali.

Hatua ya 3: Tafuta jimbo lenye mamlaka

Kesi hufunguliwa anakoishi mtoto. Wewe ukikaa Texas na mjukuu Ohio, kwa kawaida kesi ni ya Ohio. Kanuni inayofuatwa karibu nchi nzima ni kwamba jimbo la mtoto ni lile aliloishi miezi sita mfululizo kabla ya kesi kufunguliwa. Mtoto akihamishwa hivi karibuni huku mzazi mwingine amebaki, jimbo la zamani linaweza kuwa bado na mamlaka, kwa hiyo usichelewe. Hesabu miezi kwenye kalenda.

Hatua ya 4: Angalia kama mlango uko wazi kwako

Kabla jaji hajauliza kama unampenda mtoto, atauliza kama una haki ya kusimama mbele yake. Wengi hurudishwa hapa siku ya kwanza. Mifano ya majimbo ifuatayo inaonyesha jinsi milango inavyotofautiana.

California: wazazi wakiwa wamefunga ndoa na wanaishi pamoja, kwa kawaida huwezi kuomba. Yapo mambo yanayofungua mlango, kama wazazi kutengana, mmoja wao kujiunga na ombi lako, mtoto kuishi nje ya wazazi wote wawili, au mzazi mmoja kuwa gerezani. Ukishaingia, lazima uonyeshe kwamba uhusiano ulikuwepo tayari na ulishajenga pendo kati yako na mtoto, kisha jaji aupime dhidi ya haki ya mzazi. Mzazi akiwa amefariki, kuna kifungu chake peke yake, na njia yake ni nyepesi kidogo.

New York: mlango hufunguka mzazi mmoja au wote wakiwa wamefariki, au pale ambapo haki na utu vinamtaka jaji aingilie. Sehemu hiyo ya pili ni pana, na ndiyo inayowasaidia bibi waliozuiwa baada ya kuwa karibu na mtoto kwa miaka.

Texas ni ngumu. Unaambatanisha hati ya kiapo yenye mambo halisi yanayoonyesha kwamba kumnyima mtoto nafasi ya kukuona kutaharibu kwa kiasi kikubwa afya yake au hali yake ya moyo. Pia mzazi aliye mwanao awe amefariki, yuko gerezani, ametangazwa na mahakama kuwa hana uwezo wa akili, au mtoto hakai naye wala mahakama haikumpa siku za kuwa naye. Kusema "mtoto ananikosa" hakutoshi.

Florida ni ngumu kuliko Texas. Kwa ujumla mlango hufunguka tu wazazi wote wamefariki, wamepotea au hawana fahamu tena, au mmoja yuko hivyo na mwingine ana hatia ya kosa kubwa au la ukatili. Mwaka 2022 waliongeza njia kwa wazee ambao mzazi mmoja wa wajukuu amethibitishwa kuhusika na kifo cha mwenzake.

Washington, kwenyewe kwa Troxel, mahakama ya jimbo iliifuta sheria ya zamani, na bunge likatunga nyingine mwaka 2018. Sasa lazima uwe ndugu wa mtoto, uhusiano wa kudumu uwe umefikia angalau miaka miwili (au nusu ya umri wa mtoto aliye chini ya miaka miwili), na uthibitishe kwa ushahidi mzito ulio wazi kwamba mtoto ataumia, au yuko hatarini kuumia, asipokuona. Unaruhusiwa kuomba mara moja tu. Na jaji anaweza kukuamuru ulipe mapema gharama za wakili za upande wa pili. Kwa bibi anayefanya usafi hotelini usiku, kifungu hicho peke yake ni sababu ya kurudi hatua ya 2.

Nenda kwenye tovuti ya mahakama ya jimbo lako au kituo kilichomo mahakamani cha kuwasaidia wasio na wakili, omba sheria ya sasa. Jirani wa jimbo jingine aliyeshinda kesi si kipimo chako.

Hatua ya 5: Kusanya ushahidi wa maisha, siyo wa mapenzi

Hapa ndipo kesi hujengwa. Nunua daftari. Ukurasa wa kwanza andika tangu lini ulimjua mtoto, alilala kwako mara ngapi, nani alimchukua shule, nani alimpeleka kliniki, ulimpikia nini, mlizungumza lugha gani. Weka tarehe. "Nilimlea" haina nguvu. "Kuanzia Septemba mpaka Juni nilimchukua shule kila Jumanne na Alhamisi, jina langu lipo kwenye orodha ya shule" ina nguvu.

Tafuta karatasi hizo: orodha ya watu walioruhusiwa kumchukua mtoto, kadi za hospitali zenye sahihi yako, risiti, picha ambazo simu imehifadhi tarehe zake, rekodi za kupiga simu. Kwa aliyeko nyumbani Afrika, rekodi za simu za video za kila wiki ni ushahidi mzuri wa uhusiano. Kama mtoto ni somo wako, yaani amepewa jina lako, eleza maana ya jambo hilo kwenye hati ya kiapo kwa sentensi mbili. Jaji hatalijua.

Mashahidi bora ni wa nje ya ukoo: mwalimu, muuguzi, jirani. Panapotakiwa kuthibitisha madhara, utahitaji pia mshauri au mtaalamu wa watoto aliyemwona mtoto kabla na baada. Massachusetts na New Jersey, kwa mfano, mahakama zake zilishasema bila madhara hakuna amri.

Na usimrekodi mtoto akilia kwamba anakutaka. Nimewahi kuona video ya namna hiyo ikimgeukia bibi, kwa sababu iliyosikika zaidi ni sauti yake mwenyewe akimuuliza mtoto maswali.

Hatua ya 6: Karatasi, ada, mkalimani

Utajaza ombi na hati ya kiapo, utalipa ada kwa karani, au utaomba msamaha wa ada kama kipato ni kidogo. Kisha mzazi lazima apelekewe karatasi rasmi, na siyo kwa mkono wako. Apeleke mtu mzima asiyehusika na kesi, kisha asaini kwamba amefikisha. Kesi nyingi husimama kwa sababu hatua hii ilifanywa ovyo.

Omba mkalimani siku unayofungua kesi, siyo siku ya kusikilizwa. Taja Kiswahili chako. Mama wa Uvira aliyeletewa mkalimani wa Unguja anaweza kupotezwa na maneno mawili matatu ya muhimu. Kama lugha unayoimudu kweli ni Kibembe au Kinyarwanda, sema hivyo bila aibu. Na kamwe mjukuu asitafsiri.

Jaji anaweza kumteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto. Atakuja nyumbani kwako, atakagua mahali mtoto atakapolala, ataongea na mtoto peke yake. Mpokee kama mgeni, mjibu ukweli.

Hatua ya 7: Siku ya kusikilizwa

Sema kwanza unalokubali: kwamba mzazi ni mzazi mzuri, kama ni kweli. Wengi huingia wakimponda mkamwana kwa mavazi, mapishi au mume mpya. Unapomshambulia mzazi unamlazimisha jaji aulize kama mzazi huyo hafai, na akijibu kwamba anafaa, umejifungia mlango mwenyewe.

Kisha kuna utani wetu. Babu wa Kiswahili humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", naye bibi humwita wa kiume "mume wangu", na nyumba nzima hucheka. Likitafsiriwa neno kwa neno mahakamani Marekani, neno hilo linaweza kuzua uchunguzi wa ustawi wa jamii. Kama lipo kwenye jumbe zako za simu, mwambie wakili mapema, naye alete mtu wa kueleza desturi hii kabla upande wa pili haujaitoa. Usingoje uulizwe ukiwa kizimbani.

Hatua ya 8: Omba kidogo, na uombe kwa undani

Jumamosi moja kwa mwezi, saa nne asubuhi mpaka saa kumi, na simu ya video Jumatano, ni ombi ambalo jaji anaweza kulipatanisha na haki ya mzazi. Kiangazi kizima Dar es Salaam hakiwezekani. Mzazi akiogopa kwamba utamsafirisha mtoto nyumbani asirudi, andika mwenyewe kwamba hutaomba pasipoti wala hutavuka jimbo bila ruhusa yake ya maandishi. Hofu hiyo ipo hata pale isiposemwa. Amri itaje mahali, saa, nani anamleta mtoto, na nini kinatokea akiugua.

Ukiwa wewe ndiye mzazi uliyeshtakiwa

Usiziache karatasi kwenye droo. Usipojibu ndani ya siku zilizoandikwa, jaji anaweza kuamua bila wewe. Andika sababu zako kwa utulivu na tarehe: alikuja amelewa, alimwambia mtoto wewe ndiye uliyemuua baba yake, alipuuza dawa za pumu. Kama uko tayari kuruhusu kitu chochote, hata simu tu, kitoe kwa maandishi sasa. Granville alisimama imara mpaka Mahakama ya Juu, na nguvu yake mojawapo ilikuwa siku ile moja kwa mwezi aliyokuwa amekubali.

Baada ya amri

Chukua nakala tatu zenye muhuri. Mzazi akikataa kufuata amri, usiende kugonga mlango usiku. Andika tarehe, kisha peleka ombi la kutekelezwa mahakama ileile. Familia ikihamia jimbo jingine, amri haifi: tangu 1998 sheria ya taifa zima inayataka majimbo kuheshimu amri za kuonana na wajukuu zilizotolewa kwingine, nawe utaisajili huko. Mtoto akiasiliwa, yaani akifanywa kisheria kuwa mtoto wa wengine, na watu wa nje ya familia, mara nyingi haki yako hukatika. Akiasiliwa na baba wa kambo, majimbo mengi hukuacha ubaki na haki yako. Ukisikia habari ya kuasiliwa, mpigie wakili wiki hiyohiyo.

Na usikose hata Jumamosi moja uliyopewa. Ukiumwa, tuma ujumbe kabla ya saa ya kumpokea mtoto, na uutunze ujumbe huo kwenye daftari lilelile.